Gari Limezima Mlimani, Spea Iko Ng'ambo: Historia ya Mafundi wa Pemba Wasiotajwa

Filamu ya nane ya Fast & Furious ilipotoka mwaka 2017 na kuanzia kwenye mitaa ya Havana, vijana wengi walishika vichwa. Magari ya Kimarekani ya miaka ya 50, rangi kali, bado yanakimbia kwenye kisiwa ambacho Marekani yenyewe ilikiwekea vikwazo vya biashara tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Sifa zikamiminika: Wacuba ni noma! Spea hawana, lakini wanachukua injini ya dizeli ya gari jingine, wanaipachika kwenye Chevrolet ya babu, na safari inaendelea.

Ni kweli, Wacuba ni noma. Ila kuna kisiwa kingine, hapa hapa nyumbani, ambacho kimeishi na tatizo la namna hiyo kwa miongo mingi bila kamera hata moja ya Hollywood. Kisiwa hicho ni Pemba.

Ukiitaja Pemba kijiweni utasikia habari za karafuu, mchezo wa ng'ombe na, hazikosekani, stori za uganga. Mafundi magari hawatajwi. Majina yao hayako kwenye vitabu vya shule wala kwenye vibao vya barabara. Lakini ni hao waliohakikisha karafuu zinafika bandarini, mgonjwa wa Konde anafika hospitali ya Wete, na bibi harusi wa Kengeja haendi kwa mumewe kwa miguu.

Na kuna jambo moja ambalo walilijua zamani, kabla kompyuta hazijaingia kwenye magari: pima kwanza, fungua baadaye. Hawakulisoma chuoni. Walifundishwa na bahari.

Karafuu ndiyo iliyoleta malori

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Shida ilikuwa moja: mikarafuu iko vilimani na mabondeni, vyombo viko Wete, Chake na Mkoani. Mwanzo mzigo ulikwenda kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa mashua zilizoingia kwenye hori za pwani. Kisha, katika enzi ya Mwingereza, barabara zikachongwa na malori yakaanza kuingia.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Kwa urefu ni kama kilomita 67, kwa upana ni 22 hivi. Lakini usidanganyike na ramani. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa. Pemba ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona. Gari linapanda na gia ndogo likiwa limejaa watu na magunia, linashuka kwa breki, linapanda tena. Injini inachemka, klachi inaungua, breki zinaisha. Ongeza mvua za masika na upepo wa chumvi unaokula bati, utaelewa kwa nini gari la huko halikosi kazi ya kufanywa.

Malori ya zamani yalikuwa ya Kiingereza: Bedford, Austin na ndugu zao. Nyuma ya kichwa cha lori, seremala wa Zanzibar alijenga bodi ya mbao, akaweka mabenchi ya pembeni na paa la chini linalokufanya uiname kama unaingia pangoni. Hadi leo gari nyingi za abiria za Pemba zinafuata umbo hilo, ingawa chini yake siku hizi kuna kilori cha Kijapani. Yaani kabla fundi injini hajashika oili, gari lile tayari lilikuwa na mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Magari ya Kiingereza yalikuja na boliti za Kiingereza. Spana zake zilipimwa kwa inchi: nusu inchi, tisa ya kumi na sita, tano ya nane. Kijana aliyepelekwa gereji kujifunza kazi alianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli na kuzitambua spana kwa kuzitazama tu. Akileta isiyo yenyewe, boliti inaliwa kichwa, na boliti nyingine ya aina hiyo huenda kisiwa kizima haipo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule. Cheti chake kilikuwa siku ambayo fundi mkubwa anaondoka kwenda kuswali na kukuachia injini iliyo wazi.

Duka lilipofungwa

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Mengi yalibadilika, na lililogusa gereji moja kwa moja ni biashara. Wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kihindi na Kiarabu waliondoka, na uagizaji wa bidhaa kutoka nje ukaingia mikononi mwa serikali. Pesa za kigeni za karafuu zilikuwepo, lakini mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ilibana sana uagizaji, hata wa chakula. Ni wakati unaokumbukwa kwa njaa na foleni. Kama mchele wenyewe ulikuwa wa kupangiwa, nani angekumbuka kuagiza pampu ya maji ya Bedford?

Kisha dunia ikatia chumvi kwenye kidonda. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na katikati hapo ikaja vita ya Uganda iliyoila hazina ya Tanzania. Bara nako hali ilikuwa ngumu. Huko ndiko zilikoshamiri gereji bubu, zile za chini ya mwembe zisizo na leseni wala kibao. Mwanahistoria Joshua Grace, kwenye kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawaweka mafundi na madereva wa Tanzania katikati ya historia ya gari, si pembeni kama watu waliopokea tu kitu cha Mzungu.

Pemba ilikuwa na ugumu wa ziada. Fundi wa Dar akikosa kipuri Gerezani, anaweza kupanda basi akatafute mji mwingine. Fundi wa Wete akikosa kipuri, mbele yake ni maji. Kipuri kiko Unguja, au Tanga, au Mombasa, au hakipo kabisa. Chombo kinaondoka siku yake, si siku yako. Ukikosea kukisia, ukaagiza kabureta kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye koili, umepoteza siku na umeteketeza pesa ya msimu wa karafuu.

Hapo ndipo bahari ilipogeuka mwalimu. Kila kosa lilikuwa na nauli yake.

Kusikiliza gari

Fundi mzuri wa zama zile hakuanza na spana. Alianza na maswali kama tabibu. Limeanza lini? Likiwa la moto au la baridi? Likipanda mlima au likisimama? Mafuta yalitiwa wapi? Dereva anajibu, utingo anadakia, na nusu ya tatizo inajulikana hapo hapo.

Halafu moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili: ringi za pistoni zimechoka, au sili za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, kwa hiyo tazama kwanza kichujio cha hewa kabla hujaigusa pampu. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, unakupeleka kwenye gaskiti ya silinda. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando kama chai ya maziwa, maji na oili huenda vimekutana na mazishi yako karibu.

Kisha sikio. Bisibisi ndefu inawekwa ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, na sauti ya ndani inapanda kama kwenye kipimo cha daktari. Beringi iliyochoka inaguna, valvu iliyolegea inagonga, na fundi anajua kelele inatoka wapi bila kulegeza boliti hata moja.

Injini ikimisi, alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja huku injini inanguruma. Ukichomoa waya na mngurumo ukashuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na kusiwe na tofauti yoyote, umeshampata mgonjwa. Gharama: sifuri. Baada ya hapo plagi ya silinda ile inatolewa na kusomwa. Rangi ya kahawia au kijivu ni afya, masizi makavu ni mafuta kuzidi, na plagi iliyolowa oili inarudisha kesi kwa ringi.

Kwenye dizeli hakuna cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo tatizo linatafutwa kwenye mafuta, hewa na mgandamizo. Lori likiishiwa dizeli katikati ya mlima halitawaka kwa kumiminiwa dizeli tu, kwa sababu hewa imeingia kwenye mipira. Skrubu ya kwenye kichujio inalegezwa, pampu ya mkono inapigwa mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kisha inakazwa. Utingo aliyejua jambo hilo moja alikuwa na thamani kuliko matairi mapya.

Watu walikuwa wakijaa kuzunguka boneti iliyo wazi kama kwenye uwanja wa mchezo wa ng'ombe, kila mmoja na ushauri wake. Fundi anawaacha waseme. Anajua kwamba kukisia ni bure kwa anayetazama, si kwa mwenye gari.

Utundu na mipaka yake

Ugonjwa ukishajulikana na kipuri hakuna, kinachobaki ni utundu. Gaskiti ndogo ilikatwa kwa boksi gumu: unaliweka juu ya chuma chenyewe, unagonga kingo taratibu kwa nyundo mpaka boksi likatike kwa umbo lake. Mpira wa ndani wa tairi ulikatwa vipande virefu ukawa kamba ya kila kitu. Chuma kilichokatika kilichomelewa, kikachongwa kwa tupa, kikarudi kazini. Mchagua jembe si mkulima, na mchagua vipuri si fundi wa Pemba.

Lakini historia hii haitakiwi kupakwa sukari. Utundu mwingine ulikuwa hasara. Mpaka leo kuna mafundi wengi, si wa Pemba tu, wanaong'oa termostati na kuitupa eti gari lisichemke. Termostati ipo ili injini ipate moto unaotakiwa na kubaki hapo. Ukiing'oa, injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, inakunywa mafuta na kuchakaa mapema. Na kama chanzo cha kuchemka kilikuwa rejeta iliyoziba kutu kwa sababu ya maji ya kisimani, bado kipo pale pale. Kifuniko cha rejeta nacho kilidharauliwa, wakati kazi yake ni kuzuia presha ndani. Kwa presha ya kawaida maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko kinachoongeza presha kwa takriban baa moja kinasogeza kiwango hicho hadi karibu 120. Kifuniko kibovu cha bei ndogo kinaweza kukuchemshia injini nzima. Na hiyo presha ndiyo sababu hakifunguliwi kikiwa cha moto.

Utundu mwingine ulikuwa hatari kabisa. Ule wa kutia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki unajulikana sehemu nyingi. Breki zikipata moto kwenye mteremko, maji yale yanageuka mvuke, mguu unazama mpaka chini, na gari haliko tena mikononi mwa dereva. Kwenye vilima vya Pemba, gari limejaa watu, hapo hakuna ubunifu wa kusifiwa. Fundi bingwa alijulikana pia kwa kitu alichokataa kukifanya.

Mjapani na spana namba kumi

Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar, na mlango wa biashara ukaanza kufunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa tena kuagiza bidhaa, na alipokuwa Rais wa Muungano mwaka 1985 upepo huo ukavuma nchi nzima. Ndiyo zama za ruksa.

Kwa Pemba ruksa ilikuja kwa kejeli. Mlango ulifunguka wakati mfuko unatoboka. Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa mikarafuu yake, na bei ya dunia ikaporomoka. Mkulima aliyelazimika kuiuzia serikali kwa bei ndogo akaanza kutazama ng'ambo. Karafuu zikavuka usiku kimagendo kwenda Kenya, na mashua hazikurudi tupu. Gari jipya halikuwa la kuota. Lililowezekana ni mtumba kutoka Japan.

Toyota, Isuzu, Mitsubishi na Suzuki zikaja na boliti za milimita: 10, 12, 14, 17, 19. Boksi zima la spana za inchi likawa kama hela ya zamani. Fundi aliyemaliza ujana wake kwenye Bedford ikabidi ajifunze upya mbele ya vijana wake. Wengi waligundua kwamba kilichobadilika ni namba tu. Injini ya petroli bado inataka mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake. Ile spana namba kumi ambayo wapenda magari dunia nzima wanataniana kwamba haiishi kupotea, ndiyo iliyoingia kisiwani wakati huo, na bila shaka nayo ilianza kupotea mara moja.

Mambo mengine yakaja taratibu. Mwaka 2010 umeme wa gridi ya taifa ulifika Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Kwa mchomeleaji wa vyuma hilo si jambo dogo. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kikawapa vijana njia ya kujifunza ufundi darasani na kutoka na cheti, kitu ambacho wazee wao hawakukipata.

Taa ya injini imewaka

Leo kijana wa Chake ana Vitz au IST, ana simu, na ana kidude kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Kinatumia mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia toleo la mwaka 1996, kisha dunia ikafuata. Taa ya injini ikiwaka, simu inaleta msimbo. Hapo wengi wanadhani kazi imeisha. Msimbo umesema, spea inaagizwa.

Hapo ndipo pesa inapopotelea. Msimbo ni dalili. Kipuri cha kununua bado hakijajulikana. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ukinunua sensa ya oksijeni kwa sababu video moja ilisema hivyo, umerudi kwenye kosa la miaka ya 70: umekisia, na kipuri kimevuka bahari bure. Isitoshe, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japan lenyewe hayaelewani vizuri na vidude vya bei rahisi.

Chukua mfano wa P0301: silinda namba moja inamisi. Fundi wa zamani angechomoa waya wa plagi na kusikiliza. Kwenye IST kila silinda ina koili yake juu ya plagi, kwa hiyo unafanya hivi: zima injini, hamisha koili ya silinda namba moja uiweke namba mbili, na ya namba mbili uirudishe namba moja. Futa msimbo, washa, endesha kidogo. Msimbo ukirudi kama P0302, ugonjwa umehama pamoja na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Agiza moja, si nne. Msimbo ukibaki P0301, koili haina hatia. Hamia kwenye plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo. Gharama ya kipimo hicho ni boliti chache za, eeh, spana namba kumi.

Huo ndio ule ule uchomoaji wa waya wa kwenye malori ya petroli ya zamani. Kifaa kimebadilika, akili ni ile ile. Kijana anayeona wazee wa gereji wamepitwa na wakati, na mzee anayeona simu ni uvivu, wote wawili hawajagundua kwamba wanafanya kazi moja.

Hatari iliyopo sasa ni ukimya. Ujuzi huu haukuandikwa. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, kwenye vibanda vya mabati vilivyolowa oili, na kila mzee anayezikwa anaondoka na kurasa zake. Vitabu vimeandikwa juu ya karafuu, juu ya masultani, juu ya Mapinduzi. Juu ya watu walioyafanya magari ya kisiwa yatembee wakati duka limefungwa na bahari imechafuka, kurasa ni chache mno. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na ukiona gari la mbao linapanda kilima likiwa limejaa watu, jua kuna aliyelisikiliza asubuhi kabla halijaondoka.

Wacuba wameshapata filamu yao. Mafundi wa Pemba wanaweza kuanza na kitu kidogo zaidi: kijana mmoja, simu moja ya kurekodi, na mzee mmoja anayeulizwa, "Uliijuaje kama ni gaskiti kabla hujafungua?"

Kuuliza si ujinga. Haya mdau, fundi aliyemfundisha fundi wako alikuwa wa gereji gani, na alikuwa na ujanja gani ambao hakuna chuo kinachoufundisha? Dondosha hapo chini.